Chumba cha Ndaya

Kila asubuhi mwaka ule wa 1938, Esdras alikaa kwenye kigoda katika nyumba yake ya chumba kimoja, hapo Kamina, akakata maneno marefu ya Kiingereza vipande vipande. Mkuu wa misheni, Mmarekani, alikuwa anatengeneza kitabu cha kuwasomesha wainjilisti Kiingereza. Kazi ya kukata alimpa Esdras kwa sababu ya sikio lake. Kwao Kinkondja, Esdras ndiye aliyepeleka habari za misiba kwa ngoma. Mke wa mkuu alimsomea orodha mara moja tu, ikatosha. Kipande chepesi cha neno alikigonga mezani kwa kidole, kipande kizito kwa ngumi. Maana ya maneno hakuijua, wala hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Kila ngumi iliacha tofali mezani. Yalikuwa matofali mazuri, ya kuchomwa, bado yana moto. Majirani walisema udongo wa namna hiyo haupatikani Kamina, wakaendelea na shughuli zao.

Esdras akaanza kujenga chumba cha pili. Mkewe, Ndaya, alikuwa bado Kinkondja, mwaka wa tatu sasa. Serikali haikumruhusu kuhama bila barua ya mkuu wa misheni, na mkuu hakumwandikia barua mtu mwenye chumba kimoja. Upweke ulimkaba Esdras. Alikuwa anasonga ugali wa watu wawili, kisha anaumaliza wote kwa hasira.

Amuri, mchuuzi wa samaki wakavu, alipita na salamu kutoka Kinkondja.

"Ndugu, bibi yako anauliza kama nyumba iko tayari."

"Umuambie kunabakia juu ya mulango tu."

Neno la mwisho kitabuni lilikuwa risponsibiliti. Vipande sita, ngumi ikaangukia cha nne. Tofali lake lilikuwa refu kuliko yote, likaenea vizuri juu ya mlango.

Mkuu alikuja kukagua. Aligusa kuta, akainama, akaingia.

"Esdras, chumba iko muzuri sana. Iko kavu. Makaratasi ya kitabu haitaoza humu."

"Bwana, na barua ya bibi yangu?"

"Bibi atalala wapi? Uko na chumba moya tu."

Alasiri watu wa misheni wakaleta makaratasi. Esdras aliwasaidia kuyapanga, maana wenyewe walikuwa wanayapanga ovyo. Walipomaliza, wakampa orodha ya kitabu cha pili.