Suu ya Mwisho ya Mihoko

Mama mkwe wangu hataki alama za waamuzi. Hataki hata majina ya miruko. Anasema mtangazaji huyataja kama anayesoma orodha ya dawa, kisha ananyamaza. Tangu macho yake yazimike mwaka juzi, mimi ndiye ninayemwonesha mashindano ya kuteleza kwenye barafu, kwa mdomo tu. Mtelezaji akienda kwa ulaini, nasema suu. Akizunguka, kuru kuru. Akitua kama unyoya, fuwa.

Jioni ile ilikuwa zamu ya Sawatari Mihoko, kwa mara ya mwisho, maana anastaafu. Mama alianza kumshangilia tangu Mihoko ana miaka kumi. Bango la kitambaa lenye jina lake alilishona kwa mkono, na kila Desemba alikwenda uwanjani kulitundika mwenyewe.

"Kanoko, usiruke hata hatua moja," aliniambia, miguu yake ikiwa chini ya blanketi la meza ya joto, ile fupi yenye hita ya umeme chini yake.

"Sawa, Mama."

Runinga niliizima sauti. Mwanangu Nagi alikuwa amekohoa siku tatu, na ndiyo kwanza alikuwa amelala mgongoni kwangu. Mimi sikuwa nimelala siku zote hizo.

"Amevaa nini?"

"Buluu. Anaanza. Suu… suu…"

"Suu fupi au ndefu?"

"Ndefu. Suuu. Anaruka, kuru kuru, fuwa!"

"Haya! Endelea."

Joto la meza likanipanda magotini. "Suu," nikasema. "Suu…"

Nilipofumbua macho, nikiwa nimemwegemea Mama, Mihoko alikuwa amepiga goti, anaigusa barafu kwa kiganja. Uwanja mzima umesimama. Moyo ukanipiga pa!

"Suu," nikaanza, "kisha kuru kuru…"

"Nyamaza, mwongo wewe." Alikuwa anacheka, rimoti mkononi, runinga ilikuwa inanong'ona. "Umekoroma guu guu. Nikapandisha sauti kidogo, nikavisikiliza mwenyewe vyuma vya viatu vya Mihoko."

"Nisamehe, Mama. Ilikuwaje?"

"Mruko wa mwisho, kuru kuru, halafu dosa!"

"Ameanguka?"

"Kama gunia la mchele. Kisha suuu. Ndefu kuliko zote." Akajifuta macho kwa ncha ya blanketi. "Na Nagi ameamka huko mgongoni kwako, ananipiga mateke begani. Wala hakulia. Hebu mlete huku."

Nikamfungua mgongoni, nikamweka mapajani mwa bibi yake.

"Sasa lala sawasawa. Alama zikitoka nitakuamsha."

"Alama hatuzitaki, Mama."

"Ehee. Basi lala tu."