Udongo Uliobebwa kwa Kichwa

Kwa miaka sita Rodrick alipeleka vyakula vya pakiti milimani, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kula chakula kilichoota huko. Kila Jumanne na Ijumaa alipakia kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha tajiri wake, kwenye stoo moja mjini Moshi: maboksi ya biskuti, tambi za dakika tatu, juisi ya unga, krispi, soda. Akapanda Uru au Kirua Vunjo, akasimama duka kwa duka, akashusha mzigo, akarudi kwake mtaa wa Soweto, Moshi, na gari tupu. Njiani akisikia njaa, alifungua boksi.

Hakuwa mtu wa mlima. Baba yake alitoka Kibondo kuja kukata miwa, na Rodrick alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya miwa kule chini, ambako Kilimanjaro kilikuwa kitu cha kutazamwa asubuhi kabla mawingu hayajakifunika. Watu wa kule juu aliwaona wenye bahati tu. Mvua inanyesha, ndizi zinaota zenyewe, wao wanavuna.

Mwezi wa tatu muuguzi alimpima akamwambia sukari yake imepanda. Akampa vidonge, na maneno: apunguze soda na biskuti, ale mboga za majani, maharage, parachichi, maziwa, samaki. Rodrick alirudi nyumbani amekasirika.

"Yule dada anafikiri mimi mbunge," alimwambia mkewe, Hellen. "Parachichi moja ni bei ya pakiti mbili za tambi. Watu watano watashiba parachichi?"

Hellen alikuwa akimenya vitunguu. "Basi tununue kidogo kidogo."

"Chakula cha afya ni cha wenye hela, Mama Zita. Sisi tunakula kinachojaza tumbo."

Hellen aliendelea kumenya. Yeye ndiye aliyekuwa akienda soko la Mbuyuni na kurudi na nusu ya alichokusudia.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, Rodrick alipanda Kirua Vunjo mvua ikiwa imeanza toka alfajiri. Alivuka daraja dogo juu ya korongo, akafika kwenye duka la mwisho, la mzee mmoja aitwaye Eliakim, akamshushia mzigo wote uliobaki. Walikuwa bado wanahesabu maboksi waliposikia mngurumo kule chini, kama lori linamwaga mawe. Watu wakatoka mbio. Waliporudi walikuwa wamelowa chapachapa, na hawakuwa na haja ya kueleza mengi. Maji yalikuwa yamebeba daraja.

"Leo hushuki, kijana wangu," Eliakim alisema. "Wala kesho. Kwangu nyumba imejaa wagonjwa wa mafua. Nenda kwa Mama Kastori, pale penye uzio wa masale. Mwambie nimekutuma."

Mama Kastori, jina lake Digna, alikuwa mjane wa miaka sitini na minne. Watoto wake wote walikuwa Dar es Salaam na Arusha. Rodrick alimkuta jikoni akichochea moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia, utaota kutu hapo nje."

Hakutaka kuingia mikono mitupu, kwa hiyo alimpa katoni ya tambi aliyojiwekea yeye mwenyewe kwenye kiti cha mbele. Digna aliipokea kwa mikono miwili. "Aika," alishukuru kwa Kichagga, akaiweka juu ya kabati. Kisha akampakulia kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akaweka pembeni mboga ya majani ya mnafu na kikombe cha maziwa mgando.

Mnafu ulikuwa mchungu. Rodrick alikunja uso, Digna akacheka. Lakini aliendelea kula, na alipomaliza alikaa akisubiri ile hamu iliyokuwa ikimjia kila baada ya chakula, ya kitu kitamu na soda baridi. Haikuja. Alilala mpaka kunakucha bila kuamka kunywa maji hata mara moja, na hilo lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu.

Asubuhi mvua ilikuwa imekata. Rodrick alitoka nje, akasimama.

Jana alipita katikati ya shamba lile ameinamisha kichwa. Sasa aliliona. Juu kabisa ilisimama miti mirefu ya miringaringa yenye maua meupe, nyuki wakivuma humo. Chini yake migomba, mingi hata hakuona mwisho wake, majani yakidondosha maji. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, maharage na maboga yametambaa. Kando ya mfereji magimbi yenye majani mapana kama masinia. Na viazi vikuu vimejiviringisha kwenye miti vikipanda kwenda juu kutafuta jua. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu pasipokuwa na kitu cha kuliwa. Alikuwa amekatiza vijiji hivi zaidi ya mara mia tano akiona ukijani tu.

"Mama, hizi ndizi ni za aina ngapi?"

"Za sasa hivi?" Digna alifikiri. "Kumi na moja. Ile mchare, ya kupika. Ile mlelembo. Ile kisukari, ya watoto. Ile ya kule mkonosi, hiyo inakomaa wakati nyingine zimegoma." Alitaja zote kumi na moja akinyoosha kidole, kama mwalimu anayeita majina darasani, na Rodrick, ambaye kwake ndizi zilikuwa mbichi au mbivu, alijikuta akiona aibu.

"Na zinaota zenyewe?"

Digna alichukua mundu na kamba. "Twende tukawatafutie ng'ombe majani."

Walishuka korongoni kwa njia ya utelezi iliyosimama kama ngazi. Digna alikata majani haraka, mkono mmoja ukishika, mwingine ukivuta, mpaka ukapatikana mzigo ambao Rodrick aliona utafaa kubebwa na punda. Alitaka kuonyesha uanaume wake, akaomba aubebe. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na alizoea kubeba maboksi. Alipanda hatua thelathini, labda arobaini, jasho likamwingia machoni, akakaa chini kwenye tope.

"Pumzika, baba," Digna alisema bila dharau. Akakunja kipande cha kanga kuwa ngata, akaketisha mzigo kichwani, akapanda. Rodrick alimfuata nyuma akitazama nyayo zile ndogo zikijua kila jiwe. Hakusimama mpaka zizini.

"Kila siku?" Rodrick aliuliza, akihema.

"Mara mbili. Sasa hivi ni raha, mvua ipo. Kiangazi nashuka mpaka tambarare, nikirudi jua liko hapa." Alionyesha utosini.

Ng'ombe walikuwa wawili, ndani ya zizi, hawatoki. Majani yanaingia, maziwa yanatoka, na samadi. Siku ile Digna alipanga kuitoa. Aliijaza kwenye karai, akaibeba mpaka kwenye shina la mgomba, akaimwaga, akarudi. Rodrick alishika karai la pili. Walipofika mgomba wa ishirini mgongo wake ulikuwa unawaka.

"Mama, ukiacha kuweka hii?"

Digna alipiga magoti. Akaingiza mkono kwenye udongo, bila jembe, bila kusukuma kwa nguvu. Vikazama vidole, kikazama kiganja, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Akautoa ukiwa mweusi, minyoo miwili imening'inia.

"Weka na wewe."

Rodrick aliweka. Ndani kulikuwa na joto kidogo na ulaini, kama kuingiza mkono kwenye gunia la unga. Kule kambini alikozaliwa, ardhi ilipigwa kwa trekta.

"Unafikiri Mungu aliuweka hivi?" Digna alisema. "Nilipoolewa hapa, mama mkwe wangu alinikabidhi karai. Na yeye alikabidhiwa na mama mkwe wake. Huu udongo umebebwa, baba. Umebebwa kwa kichwa, karai kwa karai, na wanawake nisiowajua hata majina."

Mkono wa Rodrick ulikuwa bado ndani. Alitazama juu, kwenye migomba iliyofunga anga, na kwa mara ya kwanza akajaribu kuiona akilini mikono yote iliyopita pale: ya kubeba, ya kuchimba mfereji kutoka msituni, ya kuchagua mbegu hii na kuacha ile, mamia ya miaka, ili yeye jana ale sahani moja ya kiburu. Vinyweleo vikamsimama. Alikuwa ameingia makanisa makubwa akatoka bila kuhisi hivyo.

Jioni Digna alikata mkungu mmoja wa mchare. Alilikata shina katikati kwa panga, likainama taratibu, akaudaka mkungu begani kabla haujagusa chini. Shina akalikatakata kuwa chakula cha ng'ombe. Hakikupotea kitu.

"Huu ukiuza unapata ngapi?"

"Mchuuzi akija na gari, elfu nane. Siku nyingine saba."

Rodrick alikumbuka bei za sokoni. Mwezi wa pili, pale Mbuyuni, alimfokea mama mmoja aliyemwambia mkungu kama ule ni elfu kumi na nane. Alimwita mwizi.

"Na hiyo elfu nane unaifanyia nini, mama?"

"Nanunua sabuni, chumvi. Wajukuu wakija likizo nawanunulia biskuti pale kwa Eliakim. Wanazipenda mno. Ndizi hawataki." Alisema hivyo bila lawama yoyote. Lakini Rodrick aliona picha nzima, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani: mikungu inashuka kwa bei ya bure, maboksi yanapanda, na dereva ni yeye.

Siku ya tatu ilipigwa mbiu, na watu wa kitongoji walishuka korongoni na magogo, mawe na sululu. Rodrick alibeba mawe pamoja nao mpaka saa tisa alasiri. Kivuko kilipoweza kupitisha gari, alirudi kuaga, akakuta Digna amemfungia mnafu na maparachichi kwenye kikapu.

"Hiki napokea," Rodrick alisema. "Lakini nataka na mikungu miwili, na hiyo sikubali zawadi. Nanunua. Elfu kumi na tano kila mmoja."

"Wewe una wazimu? Bei si hiyo."

"Ndiyo hiyo, mama. Mimi nimebeba karai."

Hellen alipoiona ile mikungu ikishushwa Soweto alishika kiuno. "Hela ya matumizi ndiyo hii?" Rodrick alijaribu kumweleza habari za udongo, akaona maneno hayatoshi. Ijumaa iliyofuata alirudi na mikungu minne na mboga, akavipanga mbele ya nyumba auze. Majirani walipita, wakauliza bei, wakaguna. Mnafu ulinyauka mwingi ukatupwa, na tajiri wake, Eliezeri, alimgombeza kwa madoa ya utomvu ndani ya gari. Wiki mbili alikula hasara.

Hellen ndiye aliyepata njia. Alikuwa amechoka kuona ndizi zinaiva bure, akapika sufuria kubwa ya kiburu na kuuza kwa sahani, asubuhi, kwa mafundi na madereva wa bodaboda. Sufuria iliisha kabla ya saa nne. Kesho yake walikuja wengine wakiulizia. Mtu asiyeweza kununua mkungu aliweza kununua sahani.

Kazi ya kupeleka biskuti Rodrick hakuiacha. Ada za watoto zilitoka humo, na hakujidanganya juu ya hilo. Ila gari halikuteremka tena tupu. Tajiri alikubali kwa sharti alioshe kila mara. Na nyumbani watoto walilalamikia mnafu mwezi mzima, kisha wakaacha.

Mwezi wa nane Hellen alisema anataka kupaona. Walipanda pamoja Jumamosi. Alizunguka kwenye kihamba cha Digna, lile shamba la kuzunguka nyumba, polepole, kanga imekazwa kiunoni, akigusa hiki na kile, haongei. Hellen alikuwa mtu wa maneno mengi. Rodrick hakukumbuka kumwona hivyo hata siku ya harusi yao. Wakati wa kuaga ndipo alipouliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeomba kitu kikubwa:

"Mama, naweza kuchukua gunia moja la udongo huu? Nina kipande uani kwangu."

Digna alicheka mpaka akajifuta machozi. "Udongo hapana. Nitakupa chipukizi la mchare, na samadi. Udongo mtautengeneza wenyewe."

Uani kwao Soweto ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Rodrick alichimba shimo Jumapili nzima baada ya ibada, sululu ikiruka na kutoa cheche kwenye mawe, malengelenge yakampasuka viganjani. Walijaza samadi, wakapanda, wakamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kwa wiki tatu chipukizi lilisimama kimya, na jirani mmoja akawashauri waling'oe.

Kisha asubuhi moja Zita, binti yao, aliita kutoka nje. Wote watano walitoka. Katikati ya lile shina kulikuwa na jani jipya, jembamba, limejikunja kama karatasi ya barua, kijani kibichi sana. Hakuna aliyeligusa. Walichelewa chai, walichelewa shule, wamesimama uani wakilitazama.