Vidonge Nilivyotupa Chooni

Mi Adija, watu wa mutaa wetu wa Mutakura wananijua: sikai na neno moyoni. Siku ile natafuta kibiriti mu chumba cha mwanangu Ilias, nikakuta paketi ya vidonge chini ya nguo za muke wake, Sumaya. Ana mimba ya miezi ine. Mi si musomi, lakini neno klorokini nalisoma. Kwetu kila mwanamuke anaijua, dawa ya malaria ya zamani, na anajua wasichana waliinywa kwa nini: kutoa mimba.

Hasira zikanipanda. Nikamuita uani, mbele ya jirani yetu Zubeda. "We, unataka kuua mjukuu wangu?" Sumaya akafungua mudomo, akaufunga. Kwao wamemufundisha hivyo, mama mukwe akisema, we unanyamaza. Nikatupa vidonge vyote chooni. Nilijiona mwanamuke wa maana sana.

Toka hapo nikawa namukagua hata mukoba. Vidole vikamuvimba akashindwa kufunga vifungo. Nikasema uvivu wa mimba. Mwezi wa saba wa mimba uso ukavimba, miguu ikawa mizito. Ilias akatupakia teksi mpaka hospitali.

Daktari Odette akapima mukojo, akapima tansiyo, ile presha ya damu, akatikisa kichwa. "Sumaya, lupus yako imeamka. Kinga ya mwili inakupiga we mwenyewe. Vile vidonge ndivyo vilikulinda we na mutoto. Uliacha lini?"

Ilias alikuwa hajui kitu. Muke wake alificha ugonjwa toka uchumba, aliogopa kukataliwa.

"Miezi mitatu," Sumaya akasema.

"Nani alikuambia uache?"

Yarabi, nikasema moyoni, sasa ananitaja.

"Nilisahau mi mwenyewe, dokta."

Daktari akamugombeza kama mutoto wa shule. Figo zimeguswa, mutoto amebaki mudogo, labda atazaliwa mapema. Sumaya ameinamisha kichwa, "ndiyo dokta, pardon dokta." Haya ilinichoma. Mwanamuke muzima, swala tano hazinipiti, nimekaa kitako na mutoto wa watu anabeba kosa langu.

"Apana," nikasema. "Ni mi nilivitupa. Nilidhani anatoa mimba. Na nilimutangaza mbele ya jirani."

Ilias alinitazama, kisha akatazama dirisha. Daktari hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akasema moyo wa mutoto bado unapiga vizuri, vidonge vianze leo, pamoja na dawa za figo. Halafu akauliza: "Nyumbani nani atamusimamia avinywe kila siku?"

"Mi," nikasema haraka.

Sumaya akageuka. Toka aolewe hajawahi kuniangalia machoni. Siku hiyo aliniangalia, bila ukali wowote.

"Mama," akasema kwa adabu kabisa, "niruhusu nikazalie kwa mama yangu, kule Gihosha."

Nikamuruhusu. Ningemukatalia kwa mudomo gani?