Kasi Iliyomwagika Konani

Jumatatu asubuhi, kabla chai haijatokota, Mama Kadogo alishusha pindo la gauni la binti yake kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa amelishusha Ijumaa. Alikata uzi kwa meno, akamwambia mtoto ageuke, akaona bado magoti yako nje. Kadogo alikuwa na miaka minne na miezi minane, na kimo cha mtoto wa miaka kumi.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya nyumba za kampuni, pale konani, chini ya mteremko. Juu ya mteremko kulikuwa na kiwanda cha maji ya chupa. Malori matano yalishuka yamejaa na kupanda matupu, safari nne kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Moja liliendeshwa na mume wa Mama Kadogo. Wenzake walimwita Gia Mbili, maana tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwona akishuka mlima ule kwa gia nyingine.

Wale wenzake wanne walishuka fri. Kushuka fri ni dereva kutoa gia isishike popote, injini ikabaki kunong'ona tu, lori likajiendea kwa uzito wake. Kampuni iliamini kwamba lori likishuka hivyo linakunywa mafuta kidogo, na giaboksi inapumzika. Lakini kasi haiendi bure. Lori likiwa kwenye gia, injini ndiyo inayoila ile kasi, inaitafuna polepole hadi chini. Likiwa fri, kasi haina wa kuila. Breki huila kidogo, huku zikinuka, na iliyobaki humwagika pale konani dereva anapokata usukani. Ilimwagika miaka mingi, ikajaa uwanjani, ikaingia ndani kwa chini ya mlango.

Watu wa konani walikuwa wameizoea. Maziwa yaliganda kabla ya kupoa. Shati jipya lilianikwa asubuhi, likaanuliwa jioni limepauka. Nyanya zilizopandwa Jumatatu zilichumwa Ijumaa, na kuhusu nyanya hakuna aliyelalamika. Jirani aliyekuwa akimwangalia Kadogo, wakati mama yake akifunga vizibo kiwandani, alikufa kwa uzee akiwa na miaka arobaini na mmoja. Alizikwa kwa heshima zote za ajuza, na kwa kuwa hakuwa amepata wajukuu, wakaazimwa wa majirani.

Baada ya msiba ule Mama Kadogo aliacha kazi akakaa na mwanawe. Mvi zilimtoka wiki ya kwanza. Alisema mvi si kitu, mtu mzima ni kama kiatu cha zamani, hakina tena pa kukua. Kilichomuuma ni mtoto. Mwili ulikwenda, akili ikabaki nyuma ikingoja siku zake. Kadogo alikuwa ameshaota magego, na bado aliogopa kuku. Jumapili, malori yakilala, alikua kama mtoto yeyote, na hapo ndipo mama yake alipojua kwa hakika tatizo linatoka wapi.

"Mpelekeni kwa bibi yake," majirani walisema. "Kule ni tambarare."

Gia Mbili alikuwa anakunywa chai kwa haraka, maana chai ya nyumba ile ilipoa njiani kati ya birika na kikombe.

"Ugonjwa uko barabarani," alisema. "Kwa nini mtoto ndiye ahame?"

Jumamosi ile, baada ya safari ya mwisho, aliwakusanya wenzake wanne kwenye uwanja wa malori. Walikuja wakiwa wameshavua viatu, mmoja na taulo begani. Aliwaeleza habari za binti yake, ingawa walizijua. Akawaomba wamfanyie wiki moja tu, washuke na gia.

"Wewe Gia Mbili," alisema Mwewe, dereva wa lori la nne, kijana mwenye mikono mizuri na subira haba, "wewe hata ukienda chooni unashuka na gia."

"Ndiyo maana sijawahi kuanguka chooni."

Wakacheka. Aliyeshika taulo akasema, "Mimi sina neno, kaka. Lakini nikiingiza mbili na mzigo nyuma, lori linanirusha kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Na giaboksi inalia."

"Inalia kwa sababu unaiamsha kwa kofi," alisema Gia Mbili. Akapanda kwenye lori lake, akaacha mlango wazi ili waione miguu yake. "Kwanza, gia haichaguliwi katikati ya mteremko. Ukiwa bado juu, kwenye tambarare, punguza kwa breki. Gia unayoshukia ni ileile ambayo ungepandia. Haya, tazameni. Kanyaga klachi, toa gia, achia klachi. Sasa piga resi kidogo. Kidogo, si ya kufukuza kuku. Unaifanya injini iende mwendo ule ule ambao magurudumu yatautaka. Kanyaga tena, ingiza mbili, achia polepole. Ikiingia kama mkono mfukoni, umepatia. Ikilia, umelazimisha, na mle ndani kuna pete za shaba zinazopatanisha mwendo wa gia na gia. Wewe ukilazimisha, zenyewe ndizo zinazolipa."

"Na klachi je?" aliuliza wa taulo.

"Klachi inaliwa ukiifanya breki. Ukiwa umeshapatanisha mwendo, haina cha kusuguana nacho."

Walifanya zamu mpaka jua likainama. Watatu walipata, mmoja kwa shida, mmoja vizuri kabisa mpaka akajipigia makofi. Mwewe alitazama mara moja, akasema ameelewa, akaenda kuoga.

Wiki ile ikaanza. Jumatatu konani palikuwa na kelele, maana injini tano zilikuwa zikinguruma kuteremka, na watu walifunga madirisha. Lakini maziwa yalikaa maziwa mpaka jioni. Mama Kadogo alimvisha mtoto gauni lile lile Jumanne na Jumatano, na likamtosha siku zote mbili. Alhamisi Kadogo alijifunza kuruka kamba, akaanguka, akachubuka goti. Kidonda kilikaa siku nzima kikiwa kibichi, na kesho yake bado kilikuwepo. Mama Kadogo alikitazama asubuhi na jioni kama mtu anayetazama mche wake, akafurahi kuona kinachelewa kupona.

"Kinaniuma, mama."

"Kiache kiume, mwanangu. Kinakwenda mwendo wake."

Mwewe, kwa upande wake, alishuka na gia kama alivyoombwa. Ila alingoja mpaka lori limeshakolea kasi katikati ya mlima, akaitoa nne akaisukumiza mbili kwa nguvu za bega. Jumatatu giaboksi ililia. Jumatano ilikoroma hata kwenye tambarare. Ijumaa gia ya pili ikawa inaingia na kutoka yenyewe, naye akaishikilia kwa mkono mpaka chini, huku akiimba ili asiisikie. Jumamosi asubuhi fundi wa kampuni aliingia chini ya lori, akafungua nati ya kumwagia oili, akakinga beseni. Oili ilitoka ikimetameta shaba kama maji ya mto wenye dhahabu. Fundi aliitazama, akafuta mikono, akaenda kumwita meneja.

Mkutano ulifanyika ofisini kwa meneja. Giaboksi ilikuwa mezani juu ya magazeti, imefunguliwa, na kando yake beseni. Meneja hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliwakaribisha viti, akauliza habari za nyumbani, akamgeukia Gia Mbili.

"Habari za binti yako nazijua, na sikatai," alisema. "Mimi mwenyewe nilikwenda pale konani mwezi uliopita, nikakaa saa moja. Niliporudi nilikata kucha."

"Basi unajua, bosi."

"Najua. Na wiki hii nimeona mafuta yamepanda, na nimeona hii." Aligusa giaboksi kwa kalamu. "Vipande vya breki fundi anavibadilisha huku anapiga mluzi. Hii inashushwa siku mbili, lori limelala."

Gia Mbili akamtazama fundi. "Fundi, hebu sema wewe. Kosa ni la gia au la mkono?"

Fundi alikuna shavu, likabaki na grisi. "La mkono."

Mwewe akainamisha kichwa.

"Haya," alisema meneja. "Na mkono unauzwa duka gani?"

"Mkono unafunzwa," alisema Gia Mbili.

"Kwa giaboksi zangu."

Nje lori tupu lilikuwa linageuzwa, na kila mtu aliyekuwa chumbani alisikia gia ya nyuma ikiingia bila kulia.

"Giaboksi ya lori lako ina miaka kumi na mmoja haijafunguliwa," meneja aliendelea, kwa sauti ya upole. "Hilo nalo nimeliona, na nakupongeza mbele ya wenzako. Lakini siwezi kuandika amri ya mtu mmoja."

Amri iliandikwa ya wote. Ilibandikwa ndani ya kila lori, juu ya kioo cha dereva: MTEREMKO, FRI. Madereva wakatia sahihi. Gia Mbili naye akatia sahihi, kwa mwandiko mzuri, kisha kesho yake akashuka na mbili kama kawaida. Akapewa barua ya onyo. Akaikunja, akaiweka pamoja na karatasi za lori, akashuka na mbili. Wenzake walimwambia wanaona aibu. Yule wa taulo alisema, "Kaka, mkono wangu sasa unajua, lakini watoto wangu wanakula." Gia Mbili akamwambia hana kinyongo naye, na kweli hakuwa nacho.

Biashara ya maji ilikuwa nzuri mwaka ule. Likanunuliwa lori la sita.

Kadogo aliyapita mabega ya mama yake kabla msimu wa mvua haujaisha, kisha akampita kimo. Magauni yake yalikatwa vitambaa vya kuosha vyombo, akapewa ya mama yake, nayo yakawa mafupi. Watoto wa safu ile, wale aliokuwa akiruka nao kamba, wakaanza kumwamkia "shikamoo". Kwa kuwa hakuwahi kuamkiwa maishani mwake, hakujua kuitikia marahaba. Aliwajibu "shikamoo" na yeye. Wakabaki wanaamkiana hivyo kila asubuhi, mpaka mmoja achoke.

Alipofika miaka mitano na mwezi mmoja, karani wa kampuni alikuja na faili na futi ya kupimia. Alikuwa mwanamke mpole, akavua viatu mlangoni, akakubali chai akijua itakuwa imepoa.

"Ni ukaguzi wa nyumba tu, Mama Kadogo. Huyu ni nani?"

"Kadogo mwenyewe."

Karani alimsimamisha Kadogo ukutani, akampima, akaandika.

"Ana miaka mitano," alisema Mama Kadogo. "Cheti chake kiko kabatini. Nikuletee?"

"Nimekiona ofisini, dada, na ni halali kabisa. Ila fomu yangu haiulizi miaka, inauliza kama ni mtoto au ni mtu mzima. Mimi nikiandika mtoto, wakija kukagua watasema nini?"

"Watasema ukweli. Muulize kitu chochote. Muulize mbili na mbili."

Karani akamuuliza. Kadogo akahesabu vidole, akasema tano, akajificha nyuma ya mlango, na kichwa chake kikagonga juu ya fremu.

"Pole," karani alisema. Kisha akaandika mtu mzima. Nyumba za kampuni ni za mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao. Mtu mzima asiye mfanyakazi alipewa mwezi mmoja kuondoka. Karani alimaliza chai yake yote, kwa adabu, akashukuru.

Gia Mbili alikwenda kwa meneja mara mbili. Mara ya kwanza meneja alimsikiliza. Mara ya pili alimsikiliza pia. Basi bibi akapigiwa simu. Alisema kitanda kipo, na kama ni kirefu mno kwa mtoto au kifupi mno, wataona wenyewe.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumanne. Kituo cha basi kilikuwa juu, upande wa pili wa kiwanda, kwa hiyo Mama Kadogo na binti yake waliupanda mlima kwa miguu, ukingoni mwa barabara. Mama alibeba mfuko wa nguo kichwani. Kadogo alitembea nyuma, akiokota vijiwe, na mara mbili mama yake alimwambia avitupe. Malori yalianza kushuka. La kwanza likapita fri, kimya kimya, upepo wake ukawapeperusha nguo. La pili likapita. La tatu likapita, na yule wa taulo akawapungia bila kuwatazama usoni.

Robo ya mlima Kadogo alisimama.

"Mama, nimechoka. Nibebe."

Mama Kadogo aligeuka, akamtazama kutoka chini kwenda juu. Akautua mfuko. Akatoa mbeleko, akachuchumaa, akampa mgongo, na Kadogo akapanda kama mtoto anavyopanda, kwa kuamini. Mama akafunga fundo la kwanza, akafunga la pili, akainuka kwa kushika jiwe la ukingoni. Miguu ya binti yake iligusa chini pande zote mbili. Akaiokota, moja moja, akaibana kwapani, akaudaka mfuko kwa vidole vya mkono wa kulia, akaanza kupanda hatua fupi fupi, bila kusimama, kwa mwendo ambao angeweza kuumudu mpaka juu.

Lori la Mwewe likapita fri. Kisha wakasikia injini ikinguruma kabla hawajaliona lori lenyewe. Gia Mbili alikuwa anashuka na mbili. Kwa mzigo ule, kwenye mteremko ule, hakuna dereva anayesimama. Alitoa mkono dirishani, akaushikilia nje mpaka alipowapita. Mkewe hakuwa na mkono wa kumpungia, akamwitikia kwa kichwa.

Nyuma yake lori la sita lilikuwa linampigia honi apishe.

Mama Kadogo alirekebisha fundo, akaendelea. Kadogo alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na mate yake yakilowesha bega la mama yake.