Kinyonga Aliyehamishwa

Yassir hakuwahi kumwambia mgeni uongo. Alisema tu, "Tazama pale," na mgeni akitazama, kinyonga yupo. Kwamba kinyonga huyo alifikishwa pale alfajiri akiwa ameng'ang'ania ncha ya fimbo, hakuna aliyeuliza.

Alianza mtindo huo katika mwaka wake wa pili wa kuongoza wageni kwenye msitu wa Magamba. Familia moja ilitembea kwa saa nne, ikaona mbega wawili kwa mbali, ikaondoka ikisema msitu wenyewe mtupu. Neno lile lilimkaa rohoni. Huko mashambani vinyonga walikuwa tele, kila kichaka na wake. Kuna ubaya gani kumsogeza mmoja kidogo?

Hata Mwalimu Timotheo alisogezewa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa bayolojia kutoka Korogwe, mzee mwembamba wa maneno machache, na hii ilikuwa mara yake ya nne kupanda milima. Jana, alipoonyeshwa dume la pembe mbili kwenye kichaka chini ya mti mkubwa, katikati kabisa ya msitu, hakukimbilia kupiga picha. Alipima joto. Akapima urefu wa tawi kutoka ardhini. Akaandika kwa penseli, kisha akanyanyua uso.

"Yassir, unajua umenionyesha nini? Hawa hukaa mashambani na pembezoni. Wewe umenionyesha wanne sasa, wote ndani ya msitu. Nikiwapelekea watafiti habari hii, itabidi waangalie upya wanapoishi. Na jina lako nitaliandika."

"Ahsante, Mwalimu," Yassir alijibu.

"Kesho turudi. Kinyonga hahami hovyo. Nikimkuta tena, nitakuwa na hakika."

Usiku kucha Yassir aliomba mnyama yule aondoke.

Asubuhi, kabla hawajaingia msituni, walikutana na Mama Twaha, mwenye shamba pembezoni mwa msitu, akishuka na tenga la kabichi kichwani.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia mgeni, kisha akamgeukia Yassir. "Na wewe! Jana alfajiri nilikuona unapita na fimbo umeinyoosha mbele kama umebeba uji wa moto. Yule mdudu wa kwenye mpichi wangu umempeleka kuposa?"

"Mama Twaha, bwana…"

"Kama kapata mchumba, abaki huko huko! Watoto wangu leo wamechuma pichi bila kupiga kelele za kumwogopa." Akaenda zake akicheka, tenga halitikisiki.

Yassir alimtazama Mwalimu. Mzee alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Alisikia? Hakusikia? Aliinuka, akapangusa mikono. "Twende," alisema.

Walitembea kwa saa moja na nusu. Mara mbili Yassir alifungua mdomo, na mara mbili aliishia kusema, "Angalia utelezi, Mwalimu."

Kinyonga alikuwepo. Tawi lile lile, mkia umejikunja vile vile, jicho moja likiwageukia taratibu. Mwalimu alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Yassir hakuwahi kukisikia kwake. Mvua ikaanza, wakajibanza kwenye shina la ule mti mkubwa, migongo imegusa gome. Ukungu ukashuka mpaka njia waliyojia haikuonekana tena. Hapakuwa na pa kwenda.

Mwalimu alitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akatoa na kalamu ya wino.

"Penseli ni ya kudhani," alisema. "Wino ni wa hakika. Sitaki iwe sifa yangu peke yangu. Weka sahihi yako hapa, uwe shahidi."

Kalamu ilikuwa nyepesi, lakini mkono haukwenda. Yassir aliona jina lake likifika kwa watu asiowajua, waje na vyombo vyao, wazunguke msitu huu wakitafuta alichokibeba yeye kwa fimbo. Aliona pia jinsi habari zitakavyoshuka hadi Lushoto mjini iwapo atasema kweli. Nani atamwita tena amwongoze?

"Mwalimu," alisema. "Huyu ni wa kwenye mpichi wa Mama Twaha. Nimemweka mimi."

Mvua ilinyesha. Mzee alimtazama kinyonga.

"Nilidhani yule mama anatania," alisema. Hakuinua sauti. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maandishi ya jana, akaanza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. "Huyu wa Februari?"

"Nilimweka."

Mstari.

"Wa mwaka jana, kwenye mfereji?"

"Nilimweka, Mwalimu. Nisamehe."

Mstari. Kurasa zikageuka tena. "Na huyu wa kwanza kabisa? Mwaka juzi, mwezi wa saba."

Yassir alifumba macho. Aliuona mti, aliuona umande, lakini asubuhi zote zilikuwa zimechanganyika, na katika kila moja alikuwa na fimbo mkononi.

"Sikumbuki. Wallahi, sikumbuki. Huenda huyo alikuwa wa kweli."

Mwalimu alingoja, kalamu imesimama juu ya karatasi, kama anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho.

"Nikisema ni wa kweli," Yassir aliuliza kwa sauti ndogo, "utaniamini?"

"Hapo ndipo tulipofika, mwanangu," alisema mzee, akapiga mstari.