Dakika Arobaini Bila Cheche

"Zima hilo lidude lako!"

"Silizimi!"

"Nakwambia zima! Dakika arobaini tu!"

"Hata nne hupati. Rudi kwako ukasuke."

Alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, barakoa ya chuma kaisukuma juu ya paji la uso kama kofia ya mfalme wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa upande wangu, kitana nimekichomeka kichwani na mikono inang'aa mafuta. Nyuma yangu wateja watatu walijazana dirishani. Mmoja nilikuwa nimemsuka nusu tu, nusu nyingine ya nywele imemsimama kama ufagio uliochoka, lakini hakujali. Ugomvi wa bure nani anaukataa?

Jirani huyu tunamwita Cheche. Anatengeneza mageti na madirisha uani kwake, na ukuta unaotutenganisha unanifika kifuani. Tangu asubuhi hadi umeme ukatike, ni kelele za grenda na harufu ya chuma. Cheche zake zilishawahi kunitoboa pazia. Hilo nilimsamehe, kwa mdomo.

"Wewe ndiye wa kuniomba mimi?" akasema, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Wewe? Uliyekaa humo ndani unawasuka watu huku unanifumua mimi?"

 Dirishani, yule wa nusu kichwa akajifanya anatazama kucha.

"Mke wangu alikwenda kumuuguza mama yake," Cheche akaendelea. "Mwezi mmoja. Wewe ukawaambia watu amenikimbia kwa sababu nahesabu nyama kwenye sufuria. Maneno yamesafiri hadi huko aliko. Leo mwezi wa nne, hataki kurudi mtaa unaomcheka. Halafu unataka nizime mashine? Nina mageti manne ya shule, natakiwa kuyakabidhi Ijumaa. Siku utakayoyameza maneno yako, hadharani, kama ulivyoyatapika hadharani, siku hiyo nitazima."

Akashusha barakoa. Mwanga wa buluu ukalipuka, na ndani kwangu taa ikainama kama mtu aliyepigwa konzi.

Ilivyofika hapo ni hivi.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori, na alikuwa na mdomo. Mimi nimeurithi wote, bila kuacha ufizi. Siku ya harusi ya mdogo wangu alipewa kipaza sauti aseme maneno mawili, akakaa nacho dakika arobaini. Aliwatania wakwe, akaimba wimbo bila kupatia noti hata moja, akamwita mama mbele ya watu wote na kumwambia kitu kilichomfanya mama ajifunike uso kwa kitenge. Mpiga picha akayachukua yote. Mwaka uliofuata baba akafariki, na video ile ikabaki mahali pamoja tu duniani: kwenye kompyuta iliyo kona ya chumba changu cha kusukia.

Na kompyuta yenyewe inakufa. Ukiiwasha, inatoa mlio kama mtu anayetafuna kokoto. Matundu ya flashi yalikufa zamani, siku mteja alipoimwagia maji ya kuoshea nywele. Njia iliyobaki ilikuwa kuchoma diski. Na diski ndiyo mama aliyokuwa anaitaka. Ana deki yake chini ya televisheni, na anajua kitufe kimoja tu, kile cha kijani.

"Nataka nimwone baba yenu ninapotaka mimi," aliniambia, "si mnapopata nafasi ninyi."

Lilinichoma hilo. Maana ni kweli, kila akiniomba nimwekee, nilikuwa na mteja.

Basi nikaenda kununua mashine ya kuchomea diski. Ya kwanza niliitoa kwenye duka la vioo vingi, karibu na stendi. Muuzaji alinisifia kasi yake: "Dada, hii inamaliza kabla chai haijapoa." Ilikuwa nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti. Iliharibu diski nne mfululizo. Nikairudisha nikiwa nimewasha moto, na yeye akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishatoka hairudi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mwishowe akanibadilishia nyingine, na nilipofika nyumbani nikakuta ni ya aina ileile, ila imevaa stika tofauti. Diski tano zikaenda na hiyo. Nikamfungia kitanzi cha maneno mtaa mzima, hadi leo wasichana niwasukao hawanunui hata chaja kwake.

Ndipo nikaenda kwa Bwana Skrubu. Ni fundi wa kompyuta, mkimya, ana duka dogo lenye meza iliyojaa vifaa vilivyofunguliwa matumbo. Sipendi watu wakimya, huwezi kujua wanachokijua.

"Nataka yenye kasi kuliko zote," nikamwambia.

"Kasi ndiyo mnayoulizia wote," akasema. "Anayechoma mbio anachoma vibaya. Uliza kama inakubali kwenda taratibu." Akanipa mashine mbili, moja mkono huu na nyingine mkono huu. "Ipi nzito?"

"Hii ya chuma. Lakini imekwaruzika! Imetumika!"

"Imetoka kwenye kompyuta ya ofisi. Miaka mitatu ilikuwa inachoma kila siku. Hiyo mpya haijachoma hata moja, unajuaje kama inaweza? Vuta trei."

Nikavuta. Ya ile mpya ilicheza kama jino bovu. Ya chuma ilitoka imetulia, ikarudi imetulia.

"Sasa subiri," akasema. Akaichomea diski palepale mezani, taratibu, hadi nikamaliza habari zangu zote na yeye hakuchangia hata moja. Ilipomaliza, hakuisoma kwenye mashine ileile. Aliitia kwenye deki nyingine kabisa, iliyokuwa kwenye rafu.

"Mbona huko?"

"Mashine kusoma ilichokichoma yenyewe si ushahidi. Ni kama mpishi kujisifia mchuzi wake."

Picha ikatokea, safi. Nikanunua. Akaja kuifunga mwenyewe, maana alikataa kompyuta ibebwe kwenda dukani. "Ikitikiswa mara moja tu barabarani," alisema, "mzee wenu anakufa mara ya pili." Akafunga, akaondoka.

Na diski ya kwanza ikafia dakika ya kumi na mbili. Ya pili ikafia dakika ya saba.

Nilimwendea Bwana Skrubu nikiwa nimevaa kandambili za rangi mbili tofauti, sikuona hata nilichokivaa. Nilimwita mwizi. Nilimwita mkimya mnafiki. Nilimwambia kesho wateja wangu wote watamjua. Alifunga duka, akachukua mkoba wake, akanifuata hadi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha draya na kuitazama taa ya dari. Si kompyuta. Taa.

"Unasali au unatengeneza?" nikamuuliza.

"Choma," akasema.

Nikaweka diski. Nje, Cheche akaanza kuchomelea. Taa ikainama. Ikainuka. Ikainama tena. Kwenye kompyuta, ule mstari wa kijani uliokuwa unatembea ukasimama, na diski ikatemwa nje kama ganda.

"Kila taa ikiinama, mashine yako inakosa pumzi," Bwana Skrubu akasema. "Hata hizo mbili za kwanza labda hazikuwa na kosa kubwa hivyo. Wewe na jirani mnanyonya waya mmoja. Anapogusa chuma, anavuta umeme wote upande wake. Kile kisanduku cha betri cha akiba kiko wapi?"

Nilimwonyesha. Kilikufa siku nyingi, nilikuwa nimekiweka chini ya mguu mfupi wa meza.

"Basi zima draya lako, na muombe jirani azime lake. Dakika arobaini. Leo, maana mlio wa hii kompyuta siupendi."

"Tutachoma akishamaliza kazi."

"Akimaliza, umeme nao si umekatika?"

Kweli. Wiki hiyo ilikuwa ya mgawo, umeme unakuja asubuhi na kukatika alasiri, kila mtu anakimbizana nao. Ndipo nikatoka kwenda ukutani, na yaliyonikuta mmeshayasikia.

Nilirudi ndani. "Mnamwona?" nikawaambia wateja. "Mnaona roho ya mtu? Ndiyo maana mke—"

"Nyamaza."

Alikuwa mama, amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu cha samaki mkononi. Mama yangu si msemaji. Miaka yote baba alisema kwa niaba ya wawili.

"Aliyoyasema ni kweli?" akaniuliza.

"Mama, mambo ya kusukana, watu wanaongea tu..."

"Nimekuuliza. Hilo la nyama kwenye sufuria, nani alikwambia?"

Nikatazama wateja. Wateja wakatazama sakafu.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Lilinijia tu. Walicheka, nikaliongezea chumvi."

Kompyuta ikatafuna kokoto kwenye kona yake, kwa nguvu zaidi, kisha ikatulia. Sote tuliisikia. Mama aliitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayekohoa. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Yule kijana anakula nini mchana, tangu mkewe aondoke?"

"Nitajuaje? Mkate na soda. Anakula amesimama."

"Mtu akila mezani, anaweza kushika mashine yake?"

Bwana Skrubu, aliyekuwa hajatabasamu tangu nimjue, akatabasamu. "Hawezi, mama."

"Leo napika samaki," mama akasema. "Yule wa miiba. Samaki wa miiba haliwi mbio. Fundi, andaa diski yako. Sahani ikigusa meza, anza."

"Mama, umwite wewe," nikasema. "Wewe anakuheshimu. Mimi hanitaki, na mimi simtaki. Akae kwenye kiti changu, ale chakula changu, baada ya kunitukana mbele ya wateja?"

"Mdomo uliomfungia mlango ndio utakaomfungulia. Mimi sikumtangaza." Akanyoosha kisu, si kwangu, dirishani. "Na uyaseme palepale ulipokuwa unapigia kelele, hawa wote wasikie. Baba yako alikuwa na maneno mengi kuliko wewe, lakini akimkosea mtu alirudi kwa sauti ileile. Kama huwezi, sawa. Nitazoea kutomwona."

Akarudi jikoni. Mafuta yakaanza kulia kwenye kikaango.

Nilimsuka yule mteja mstari mmoja, nikaufumua, umekwenda upande. Harufu ya samaki ilipojaa chumbani nilizima draya, nikapangusa mikono, nikatoka. Wateja wakarudi dirishani wote, na safari hii nilitamani wangekuwa na haya.

Cheche alikuwa ameinama juu ya geti. Nilipiga ukuta kwa kitana.

"Jirani!"

Hakuinuka.

"Jirani! Lile la mkeo, nililitunga mimi!"

Mwanga wa buluu ukazimika. Akanyanyua barakoa taratibu.

"Sijasikia. Kuna kelele."

Kelele gani? Hata kuku walikuwa kimya. Alikuwa amesikia kila herufi, na alijua kwamba najua. Nilimchukia hadi kwenye mizizi ya meno.

"Nimesema nililitunga!" nikapaza, na sauti ikagonga kuta za nyumba za ng'ambo, mtu wa ghorofani akafungua dirisha. "Hukuhesabu nyama! Mkeo hakukukimbia, alikwenda kuuguza! Mimi ndiye niliyezusha, na wote niliowaambia nitawaambia tena kwamba niliwadanganya! Mmoja mmoja! Umesikia sasa, au nipande juu ya bati?"

Alinitazama. Jasho lilimchora mistari kwenye masizi ya uso, na nikaona jinsi alivyokonda miezi ile minne. Hakusema ahsante, wala hakusema yameisha. Hayakuwa yameisha. Alitema mate pembeni, akavua glavu moja.

"Bado sikupendi," akasema.

"Wala mimi."

"Na Ijumaa iko palepale."

"Dakika arobaini. Huwezi kufa."

Akatupa jicho juu ya bega langu, kwenye mlango uliokuwa wazi. Ndani, mama alikuwa anapanga sahani. Kwenye kona Bwana Skrubu ameinamia kompyuta, kidole kimoja hewani, anasubiri. Cheche akanusa, mara moja, kama mtu asiyetaka kuonekana ananusa. Kisha akaenda ukutani kwake na kushusha swichi kubwa. Taa ya chumbani kwangu ikasimama wima.

"Mboga gani?" akauliza.

"Samaki, ana miiba," nikasema. "Nawa mikono hiyo, ingia ule. Na ule polepole."