Shikamoo ya Anord

Kwetu Usambaani binamu ni mtani wako. Anord, mtoto wa mjomba Kristian, aliweza kunivua kilemba mbele za watu akasema kichwa changu ni kiazi cha Magamba, nami nikamjibu kwamba pua yake inafika Soni kabla yake. Hakuna aliyekasirika. Lakini mama yangu, Raheli, kwake alikuwa shangazi, na shangazi ni baba aliyevaa kanga. Hataniwi. Anaamkiwa, basi.

Mama yake Anord alifariki mapema, kwa hiyo jioni alikuwa anakula kwetu. Akifika mlangoni alikunja goti moja, shingo kaiinamisha upande, jicho liko jikoni: "Shikamoo shangazi makande yameiva?" Yote kwa pumzi moja. Mama alicheka akasema huyu haniamkii mimi, anaamkia sufuria. Halafu aliitikia marahaba na kumpakulia kwanza yeye, mimi baadaye.

Mama aliuza mapeasi Soni, pale mabasi yanaposimama. Hakupiga kelele kama wenzake. Alikata kipande, akakipitisha dirishani na kumwambia abiria, "Onja kwanza, mwanangu." Wengi walionja, na wengi walinunua.

Anord alikwenda Dar kuchekesha watu jukwaani. Miezi ya mwanzo hakuchekwa, alizomewa. Siku moja akajifunga kanga, akajaza vitambaa kifuani na nyuma, akashika peasi. "Onja kwanza, mwanangu," akasema taratibu, macho nusu, kiuno kinazunguka. Ukumbi ulilipuka. Tangu hapo kilichokuwa kinaonjwa si peasi tena.

Kuna aliyemrekodi, na video ile ikapanda mlima kwa simu za watu. Vijana wa stendi wakaanza kumwambia mama, "Mama, na sisi tuonjeshe basi." Mama hakuelewa. Akachukua kisu, akawakatia kipande kimoja kimoja, akawapa. Walicheka mpaka wakaegemea basi. Aliporudi nyumbani aliniuliza mapeasi ya mwaka huu yana nini, mbona wanaoonja wanacheka. Ikabidi mimi, mwanawe, nimweleze.

Alitua beseni chini. Kisha akauliza, "Kwa mdomo ule ule uliokula makande yangu?"

Hakurudi tena barabarani. Mapeasi akawa anawauzia walanguzi huku huku shambani, kwa bei wanayotaka wao.

Anord alizidi kukua. Aliwadhihaki wachungaji na mashehe, akaitwa na wakubwa, akafungiwa majukwaa. Akawaomba radhi wote, mmoja mmoja, na picha akapiga nao. Alipokosa jukwaa akaandika kitabu, akakiita *Onja Kwanza*, jalada lake yeye mwenyewe ndani ya kanga. Humo aliandika kwamba mwanamke yule ni wa kufikirika tu. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alikuwa nacho, nikakiazima. Mama akataka nimsomee. Nikawa nasoma huku naruka.

"Mbona unafunua kurasa mbili mbili?" akauliza.

Nikamwambia zimegandana.

Baada ya kitabu akahamia mtandaoni. Kila siku yuko kwenye simu, vipokea sauti masikioni, anamtukana huyu na kumchamba yule, anasema anawapa watu ukweli mchungu. Nilikuwa na mimba ya Glory wakati huo. Nikamwambia mama nitamwandikia Anord aombe radhi kwenye chaneli yake, mbele ya hao hao waliocheka.

Mama akakataa. "Sitaki radhi ya kwenye simu. Aje mlangoni aniamkie, mimi nimwitikie, yaishe."

Nikamtumia Anord maneno hayo kama yalivyo. Akajibu kwa vikatuni vya kucheka, na chini yake: *Mwambie shangazi hiyo ni sanaa.* Mama nikamwambia ana kazi nyingi, atakuja. Tangu siku ile, gari likisikika linapanda kilima chetu, mama alijifuta mikono na kuchungulia mlangoni. Glory alizaliwa, akaanza kukaa, akaanza kutambaa, na bibi yake bado anachungulia. Masika yalipoingia kifua kikambana, akatutoka.

Anord alikuja mazishini. Alisimamisha simu yake kwenye kisimamio cha miguu mitatu karibu kabisa na jeneza. Mjomba Kristian alimwomba mchungaji ampe mwanawe nafasi ya kumuaga shangazi yake, na mchungaji akasogea. Nikajiambia, sasa. Amechelewa, lakini ataamkia.

"Wapendwa, tuko mubashara kutoka Lushoto," akaiambia simu. Akafungua begi, akatoa kanga na peasi.

Sisi tuna desturi, mtu akifa watani wake humwigiza, anavyotembea, anavyokohoa, na waliofiwa wanacheka huku wanalia. Ndiyo namna yetu ya kuagana. Anord alidhani desturi hiyo itamfunika. Akajifunga kanga, akaanza kuzungusha kiuno kando ya jeneza la mama yangu. Hakuna aliyecheka. Wanawake wa Soni waliouza na mama miaka yote walikuwa wanamtazama kama mtu aliyekosea msiba.

Nikampa jirani yangu Secilia mtoto, nikasimama.

"Kaa chini, Anord. Shangazi si mtani wako. Mtani wako ni mimi, na mimi nina marehemu wangu wa kumwigiza."

Nikakunja goti moja. Nikainamisha shingo upande, jicho nikalipeleka jikoni. Kicheko kilianzia kwa wanawake, maana walimjua mtoto yule kabla hajawa mtu wa mjini. Nikatembea anavyotembea, nikavuta kamasi alivyokuwa anavuta, watu wakacheka mpaka wakashikana. Mjomba Kristian akajifunika uso kwa kofia. Nikafika kwenye jeneza nikapiga goti.

"Shikamoo shangazi makande yameiva?"

Vicheko vikakatika. Wa kuitikia hakuwepo.

Nikamgeukia Anord. Alikuwa amesimama na peasi lake mkononi, kanga inamteleza, na mdomo unamtetemeka kidogo. Nakiri nilitumaini. Neno moja tu lilitosha, hata kwa sauti ya chini. Akalitazama jeneza. Kisha akaitazama simu.

"Mnaona, wapendwa," akasema. "Kipaji kiko kwenye damu."

Video ile ilienda mbali kuliko zote alizowahi kutengeneza. Yeye ndiye aliyeirusha, yeye ndiye aliyeipa jina, *Binamu Kanizika*, na waliomsifu ni wengi.

Mapeasi yalipoiva tena nilimfunga Glory mgongoni, nikachukua beseni la mama na kisu chake, nikateremka Soni. Basi la kwanza likasimama. Konda akanikodolea macho kutoka mlangoni, akanitambua. Nikakaza mkono kwenye kisu, nikasubiri neno lile la kuonjeshwa.

"Shikamoo shangazi," akasema.

Nilimtafuta kicheko usoni. Labda kilikuwepo, labda hakikuwepo, sikuweza kujua. Umri alinizidi, na mimi si shangazi yake. Lakini salamu ilikuwa imefika, hata kama imeletwa na mwingine.

"Marahaba," nikaitikia, kwa niaba ya mwenyewe, mama yangu.

Nikakata kipande, nikampa. "Onja kwanza, mwanangu."

Akala, akakubali kwa kichwa, akaniita nisogee dirishani, kuna abiria wanataka.